Mapinga Hadi Dunda, Kutafuta Tiba ya Chumbani

Walisema sitamaliza stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Cheti kimetundikwa sebuleni. Walisema Maskati nitaosha magari mpaka nizeeke. Niliondoka huko nikiwa msimamizi wa mafundi kumi na wawili. Niliporudi wakasema kiwanja cha Mapinga kitanishinda. Nyumba ya vyumba vitatu hiyo hapo, na nyaya za umeme nimezitandaza kwa mikono yangu. Aliyebaki kunitilia shaka ni mmoja, Jabiri, mwanamume ninayempenda na kuishi naye, ambaye majirani wanamjua kama binamu yangu. Yeye alisema, "Wewe utaweza kila kitu, ila kumwambia mtu kwamba umeshindwa, hutaweza."

Alikuwa na sababu. Kwa miezi minne nguvu za kiume zilikuwa zimenitoka. Moyo unataka, mwili unagoma. Nikawa nachelewa kurudi makusudi, nikifika nasingizia usingizi. Jumatano moja jioni Jabiri akashusha begi kutoka juu ya kabati.

"Niambie una nani mwingine, ama naenda kwa dada Tanga."

"Sina mtu."

"Basi una nini?"

Kesho yake nikafunga safari, na leo nawaandikia wenzangu mlio kama mimi, mnaonyamaza kama nilivyonyamaza.

Saa moja na nusu asubuhi, Mapinga. Niliwasha pikapu yangu, ngazi na mitungi ya gesi nyuma, nikamwambia Jabiri asiondoke kabla sijarudi. "Mpaka saa kumi," akajibu bila kuniangalia.

Kerege nilisimama kunywa supu ya pweza, maana pwani yetu wanaume tunaiamini kuliko hospitali. Mama muuzaji akanijazia bakuli.

"Malizia, kaka! Shemeji leo atakukoma!"

Wateja wakacheka, nami nikacheka kuwazidi wote. Mwezi ule sikumbuki nilikunywa mabakuli mangapi. Kisha garini nikalamba unga wa kuongeza nguvu niliouziwa barabarani Dar, usio na jina wala maelezo. Moyo ukaanza kwenda mbio kama kawaida yake.

Saa tatu, Dunda, Bagamoyo mjini. Rafiki aliyewahi kutibiwa pale ndiye aliyenielekeza kwa Daktari Zarina, mama wa Kihindi mwenye kliniki ndogo, mzaliwa wa Bagamoyo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, baba. Unaumwa nini?"

Nikatazama juu. "Kiyoyozi chako kinavuja. Nina ngazi hapo nje, dakika ishirini tu."

"Baba, hukuja kutengeneza kiyoyozi."

Akanipima presha, akakunja uso, akarudia kupima. Ilikuwa juu. Ndipo nikalieleza tatizo, na ule unga ninaolamba, kwa sauti ya kumsemea mgonjwa mwingine. Akauliza kama nina mwenza.

"Nina mke. Mzuri sana."

"Watoto?"

"Wawili."

"Mkubwa ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Na mdogo?"

"Saba."

Daktari akaweka kalamu chini. Akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Mwanangu, nikimtibu mke asiyekuwepo, wewe utabaki mgonjwa. Humu ndani natibu tu. Nakuuliza tena, una mwenza?"

Nilijiandaa kufukuzwa, kuhubiriwa, hata kuitiwa polisi. "Anaitwa Jabiri," nikasema.

Akachukua kalamu. "Jabiri anavuta sigara?"

"Havuti."

"Mmepima VVU?"

"Zamani."

"Na hili tatizo lilianza lini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafikiri, nikamweleza. Dirisha la chumba chetu lilikuwa linatazama pori. Pori lile likauzwa kwa mtu wa mjini, akajenga, na dirisha lake likawa hatua sita kutoka letu. Tangu ahamie, miezi minne sasa, kila tukizima taa sikio langu moja liko nje.

"Basi ni presha, huo unga wako, na hofu," akasema. "Vyote vina tiba. Vidonge hivi kila siku, unga nipe mimi. Baada ya wiki mbili uje na Jabiri, mpime pamoja. Na nyumba ina vyumba vingapi?"

"Vitatu," nikajibu, kifua mbele.

"Mbona hamhami chumba?"

Mimi mwenye stashahada, niliyeichora nyumba ile mwenyewe, sikuwa nimewaza hilo. Kabla sijaondoka niliomba kuona alichoandika kwenye faili. Akaligeuza nisome: presha, hofu, mwenza aje. Nikaitikia kwa kichwa, nikainuka.

Saa tisa na nusu, nyumbani. Jabiri alikuwa sebuleni, begi miguuni. Nilisema nikiwa bado mlangoni, nisije nikageuza maneno.

"Sina mtu mwingine. Mwili wangu umeshindwa. Nimetoka kwa daktari, anasema tuhame chumba, nami nimemtajia jina lako."

"Jina langu?"

"Jina lako."

"Miezi minne nilidhani ni mimi," akasema, akafuta macho kwa kiganja. Kisha akaingia chumbani, nikasikia kitanda kinaburuzwa. "Njoo ushike huku, fundi!"

Nilichojifunza ni kwamba daktari hutibu kile anachoambiwa, na kwamba wapo wanaouliza swali kisha wakakupa nafasi ya kujibu. Watafuteni. Presha yangu imeshuka. Mambo ya chumbani yanarudi taratibu, na siku yakigoma tunacheka, tunalala.

Baada ya wiki mbili tulikwenda Dunda wawili. Daktari Zarina alitoka mwenyewe mlangoni, akampa mkono Jabiri kabla yangu. "Karibu," akamwambia. "Huyu alikutaja kwa shida, lakini alikutaja."