Gunia la Jiko la Jua

Aliyeondoa gunia kwenye jiko ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Namtaja kwanza ili asije akajificha katikati ya maneno.

Nilikuwa naishi Ziba, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Kikundi chetu cha akina mama kikapewa majiko ya jua. Ni sahani kubwa inayong'aa kama kioo. Unaielekeza juani, mwanga wote unakusanyika kwenye sufuria, maharage yanaiva bila kuni. Sharti lilikuwa moja: ukimaliza kupika, lifunike kwa gunia.

Sasa msimu wa pamba magunia huwa hayatoshi. Shemeji alikuja mchana nikiwa kisimani, akachukua lile gunia akajazia pamba yake, kisha akalisogeza jiko hadi ukingoni mwa banda ili mkokoteni upite. Sahani ikabaki wazi, imetazama nyasi za paa. Nyasi zikashika moto, pamba yake iliyokuwa bandani ikateketea.

Niliporudi uani kumejaa watu. Moto wa saa saba mchana, hakuna kiberiti, hakuna mtu, halafu mwenye nyumba ana macho mekundu: kwao huo ni uchawi tu. Vijana walishaokota mawe. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, anatazama viatu vyake. Naye namtaja.

Sikulia. Nilimwuliza, "Shemeji, gunia la jiko liko wapi?"

"Gunia na moto vinahusiana nini, shemeji?"

Nikaligeuza jiko kufuata jua, nikachomoa nyasi za paa la nyumba, nikazishika kwa koleo pale sufuria inapokaa. Zikafuka moshi, zikawaka. Mmoja wa wenye mawe akapeleka kiganja, akakirudisha upesi. Mawe yakadondoshwa kimyakimya.

Shemeji akasema basi ningekaa nyumbani nilinde jiko langu. Radhi hakuomba mpaka leo, wala hao wengine. Wakaanza kupita mbali na ua wangu. Nikahama.

Sasa nauza maharage Kanyenye, Tabora mjini. Mteja wangu mmoja, mwalimu, aliniambia mwanga hauchomi tu, husukuma pia kila unachokigonga, ila kidogo mno, mwili hausikii. Mimi niliishia darasa la nne, sikumbishia. Nilimjibu tu kwamba aliyenisukuma mimi namjua, na si mwanga.

Jiko nilikuja nalo. Gunia lake jipya nimelishonea kamba, nalifunga mwenyewe.