Korneti Haikwenda kwa Skrepa

Baba yangu alipiga korneti katika bendi ya kanisa letu, Ndhiwa, mpaka pumzi ikamwishia, na mimi alinifundisha nikiwa mtoto. Korneti ni tarumbeta fupi iliyokunjwa, na hiyo yetu ilikuwa kuukuu kuliko yeye. Iliachwa na wamishonari. Alipofariki, mwenyekiti wa kamati ya kanisa alitangaza mkutanoni kwamba korneti inavuja, kwa hiyo itauzwa kwa skrepa, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tununue kinanda cha umeme.

Nikasimama. Mimi huchomelea madirisha na milango pale sokoni, wote wananijua.

"Haiuzwi," nikasema. "Nitaitengeneza."

"Mama, hili si dirisha," mwenyekiti akajibu, na watu wakacheka. "Hata fundi wa Kisumu ilimshinda."

"Mimi haijanishinda bado."

Nikaitoa mezani, nikaifunga kwa leso na kuondoka nayo.

Kilichoharibika ni bomba la kwanza, lile linalopokea pumzi kutoka mdomoni. Kutu ya kijani ilikuwa imelitoboa. Nikakata bomba la shaba la friji mbovu ya samaki, nikalipachika. Nilipopuliza ilitoka sauti ya ng'ombe aliyekwama matopeni, na noti za juu zote zilienda kombo.

Nikalipasua lile la zamani kwa msumeno, kwa urefu, nikalipima kila sehemu. Kumbe linaanza jembamba, kisha linapanuka kidogo kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Aliyelibuni alijua pumzi inahitaji nafasi kadiri inavyosafiri. Mimi nilikuwa nimeweka bomba la upana mmoja mwanzo hadi mwisho, kama la maji.

Nikaenda Migori kutafuta bamba la shaba kwa mzee mmoja Mwislamu, mtu wa pwani, anayeuza vitu vya zamani. Alinisikiliza, akaingia ndani, akarudi na jiko la pampu, lile la mafuta ya taa.

"Tangi lake ni shaba ya kweli, binti yangu. Lakini kwa nini usinunue tarumbeta mpya?"

"Kwa sababu wamesema siwezi."

Akatikisa kichwa, kisha akaanza kulifungua jiko yeye mwenyewe.

Nilichonga nondo kwa tupa siku nne, mpaka ikawa na umbo la ndani ya bomba. Nikaizungushia bamba la shaba, nikaunga kingo zake kwa madini ya fedha yaliyoyeyushwa, nikagonga kwa nyundo ya mbao mpaka mshono ukapotea. Lakini nilipolikunja, likapasuka. Nilitukana peke yangu, halafu nikaanza upya. Safari hii nililipasha moto hadi likaiva jekundu, likalainika. Nikalijaza lami iliyoyeyuka ili lisibonyee, likapoa, nikalikunja polepole kwenye gogo, kisha nikaiyeyusha lami ikatoka.

Nikalipachika kwenye korneti, na asubuhi iliyofuata nikapuliza, mlango wa karakana ukiwa wazi. Noti ya juu ilitoka safi, ikakaa. Mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliweka karai lake chini, akanitazama. Nikaipiga tena, kwa ajili yangu mwenyewe.

Jumapili mwenyekiti alinishukuru mbele ya waumini, akanyoosha mkono. "Sasa tumpe mpwa wangu, ana mapafu ya kiume."

"Mpwa wako ajifunze, nitamfundisha," nikasema. "Lakini anayepiga leo ni mimi."

Aliwageukia wazee wenzake, nao wakafungua vitabu vya nyimbo. Nikapanda jukwaani na bendi, nikapiga wimbo ambao baba aliupenda, kwa hasira zaidi kuliko woga. Nilikosea mahali pawili. Nikaendelea.

Tangu siku hiyo nimepiga kwenye mazishi hadi mbali kule Kisegi. Kinanda kilinunuliwa pia, na tunapatana nacho. Mwenyekiti hunisalimia kwa ufupi, nami humjibu kwa ufupi.

Sasa ninaunda korneti nzima kuanzia bamba tupu. Mdomo wake mpana wa kutolea sauti umenipasukia mara tatu. Wateja wa madirisha wananiuliza ninapoteza muda kwa nini. Nawaambia dirisha lao litakuwa tayari Ijumaa, narudi kwenye nyundo.