Baruti Iliyoganda

Hadi leo, mtu akiwasha kiberiti karibu nami, harufu ile hunirudisha Kiunga, kwenye ukumbi wetu wa udongo, baba yangu akiwa amechuchumaa jamvini anajaza maganda ya risasi. Mama alikuwa amezima jiko, hata majivu ameyamwagia maji. Mimi na kaka yangu Athmani tulikatazwa kusogea, basi tukatazama kutoka mlangoni, matumbo yakinguruma.

Mwaka ule wa hamsini na kitu, nguruwe mwitu walituingilia shambani mahindi yakiwa bado mabichi. Walikuja kila alfajiri, na madebe tuliyopiga hawakuyajali. Nadhani waliyazoea kama sisi tulivyozoea adhana. Bunduki tulikuwa nayo. Risasi mpya hazikupatikana, kwa hiyo baba alijijazia mwenyewe.

Taabu ilikuwa baruti. Unyevu wa upepo wa kusi uliingia kila mahali, hata chumvi ikalowa kibiani. Baba alipoimimina baruti kwenye faneli ya shaba, nusu ilishuka, nusu ikaganda ubavuni kama masizi ya chungu. Akaifuta faneli kwa kipande cha kanga. Ikaganda. Akaiosha kwa sabuni, akaianika juani mpaka ikachoma mkono. Baruti ikashuka vizuri kidogo, kisha ikaganda tena. Jirani yetu Bwana Shee akashauri tupake mafuta ya nazi. Lo, ikashika kama ugali kwenye mwiko!

Baba akaifungua risasi aliyokwisha kuijaza, akamwaga baruti yake kiganjani, ikawa haba. Akafungua nyingine, hiyo imejaa. Jasho likimtiririka, akazikusanya zote akazifunga kitambaani.

"Nipa mimi, Baba," Athmani akasema. "Nitapiga mimi."

"La."

"Bwana," mama akasema, "wana watakula nini?"

Baba akainuka na kile kitambaa. Alfajiri yake tulisimama ukingoni mwa shamba tukisikia mabua yakivunjika, na bunduki begani mwake tupu. Athmani alilia kwa hasira. Bwana Shee akasema, wala hakunong'ona, kuwa bunduki si pambo la mwoga. Mama akajifunika uso kwa leso. Nami niliona haya kumtazama baba.

Mahindi yaliisha. Tuliishi kwa muhogo wa kuomba kwa jamaa, na maembe mabichi ya kuchemsha ambayo mpaka sasa siwezi kuyanusa. Mama aliacha kuimba akitwanga, maana hakukuwa na cha kutwanga. Na baba hakujitetea hata siku moja.

Niliolewa Siyu. Huko nikamwona mtu anaongozwa mkono kwenda msikitini, uso umechakaa kwa makovu, macho hana. Mume wangu akanieleza: risasi yenye baruti haba haitoi marisau yote, zile gololi zilizomo ndani yake; mengine husalia katikati ya mtutu. Ukipiga ya pili, bunduki hukupasukia usoni.

Sikulala vizuri mpaka nilipofika Kiunga. Baba alikuwa mzee, anamenya chungwa.

"Baba, mbona hukutwambia?"

Hakuniuliza nasema nini.

"Mwenye ndaa hasikii," alisema. "Ningalisema, nduyo Athmani angalizitafuta risasi zilizojaa vyema ajaribu. Mahindi hupandwa tena, mwanangu. Mato ya mwana hayapandwi."

Akanipa nusu ya chungwa.