Siku Papa Ilunga Aliposikia kwa Mfupa

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef d'atelier, yaani mkuu wa karakana ya redio kule Kambove, hakunionyesha redio hata moja. Alinipeleka ukingoni mwa shimo la mgodi, akaniambia nitazame chini. Malori makubwa yalionekana madogo kama mende. Akabonyeza kitufe cha talkie, yaani redio ya mkononi, akamwita dereva mmoja kwa jina. Mara lori moja kati ya wale mende likawasha taa.

"Umeona, Odette?" akaniambia. "Ule muntu iko kule chini, hata uso yake hatuione. Lakini iko pamoja nasi hapa. Kazi yako njo ile. Akiita, asikiwe."

Nilikuwa msichana mwenye diploma mpya ya shule ya ufundi. Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote, na ule mshangao haukuwahi kunitoka.

Kutoka Kambove nilihamishiwa Kakanda, chini ya Ingénieur wa mawasiliano, mhandisi mkali asiyependa kurudia maneno. Yeye ndiye aliyenifundisha kutofautisha mawimbi: VHF hufika mbali penye uwanda wazi, UHF hujipenyeza vizuri zaidi kati ya kuta na majengo. Nikimletea redio na kumwambia ni nzuri, alikuwa anakasirika. "Usiniambie ni muzuri," alisema. "Uniambie ni muzuri fasi gani!" Yaani mahali gani. Baadaye nikaletwa hapa Likasi, kwenye karakana za Panda, ambako mashine za kusaga mawe zilinguruma hadi meno yakacheza. Huko nilijifunza habari za visikizi: vile vinavyofunika sikio lote, vile vya kuchomeka ndani, na maikrofoni ya koo, inayofungwa shingoni ili ishike mtetemo wa sauti hata kama kelele imejaa hewani.

Kampuni ilipopunguza watu, nilibaki nyumbani nikitengeneza redio na simu za majirani. Ndipo akaja kijana mmoja aliyekodi yadi ya zamani ya maghala hapa Panda. Watu wake walimwita Gérant, yaani meneja. Alikuwa ameanzisha paintball: timu mbili zinawindana kati ya kuta kwa bunduki za hewa zinazorusha vidonge vya rangi, na ukipakwa rangi unatoka. Wachezaji walikuwa vijana wa migodini na mjini, wanaokuja Jumamosi.

"Mama Odette," akasema, "timu zinapiga kelele tu, hakuna anayesikia mwenzake. Unichagulie talkie na kaski."

Mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi alimwazima za kujaribu. Nilizibeba yadi nzima, nikiwa nyuma ya matofali na chini ya mabati. Ile kubwa yenye antena ndefu, ambayo Gérant aliipenda, ilikuwa VHF. Nyuma ya ghala la chuma ilikoroma tu. Ndogo ya UHF ilisema wazi, na ilikuwa nyepesi kiunoni kwa mtu anayekimbia. Visikizi ndivyo vilivyonisumbua. Vya kufunika sikio havikuingia chini ya maski ya kukinga uso, na maski hiyo haivuliwi uwanjani, maana kidonge cha rangi kinaweza kupofusha jicho. Tena vilimzuia mchezaji kusikia nyayo za adui na filimbi ya mwamuzi. Vya kuchomeka vilidondoka kwa jasho.

Chini ya boksi kulikuwa na aina ambayo nilikuwa nimeisoma tu, sijawahi kuivaa. Haikuziba sikio. Ilikuwa na vidude viwili vinavyokaa kwenye mfupa mbele ya masikio na kutetemeka, sauti ikapita kwenye fuvu moja kwa moja hadi ndani, bila kupitia ngoma ya sikio. Nikaivaa, nikaziba masikio kwa vidole, nikamwambia Gérant aende nyuma ya ukuta aseme. Nilimsikia katikati ya kichwa changu.

Nahodha wa timu moja alikuwa Nadine, anayefanya kazi maabara. Kila Jumamosi alikuja na baba yake, Papa Ilunga. Zamani alikuwa boutefeu, mtu wa kutega baruti mgodini. Siku moja baruti ililipuka kabla ya wakati, ikampasua ngoma za masikio yote mawili. Nadine alikuwa bado mtoto mdogo. Tangu hapo walizungumza kwa mikono na midomo. Papa Ilunga alitamani sana kucheza na binti yake, na kila mara Gérant alimkatalia kwa ishara: asiyesikia filimbi akivua maski wakati wengine bado wanapiga, jicho litakwenda. Gérant alikuwa na haki. Mzee alirudi kwenye benchi bila kubishana.

Siku hiyo nilimtazama pale kwenye benchi, visikizi vikiwa mkononi mwangu, nikawaza. Ngoma ya sikio imepasuka, lakini sikio la ndani, je, bado ni zima? Sikutaka kuwapa tumaini la bure. Nilimwita Nadine pembeni.

"Huenda isifanye kitu," nikamwambia.

"Tujaribu tu, mama," akajibu. Akachukua talkie, akaenda nyuma ya ghala.

Nikamvalisha mzee, nikasogeza vidude hadi vikakaa sawa kwenye mfupa. Nikapandisha sauti hadi mwisho. Tukangoja.

Papa Ilunga akashika kichwa kwa mikono miwili. Akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Ni nani ule mwanamuke?" akauliza kwa sauti kubwa. "Ni nani anasema mu kichwa yangu?"

Nikambonyezea kitufe cha kujibia. "Papa, ni minye, Nadine," binti akasema, nami nikamsikia kwenye talkie yangu.

"Hapana. Nadine iko na sauti ya mutoto." Machozi yakaanza kumtoka. "Hii ni sauti ya mama yako."

Mama yake Nadine alikuwa marehemu. Kutoka nyuma ya ghala kilio cha Nadine kikapita hewani. Gérant alikuwa amevua kofia yake.

"Na weye, Mama Odette," mzee akasema, "sema kitu, nikusikie."

Nikabonyeza kitufe cha talkie yangu. Nikasema kama fundi tu: "Moja, mbili, tatu. Unanisikia?"

"Ninakusikia muzuri!" akapaza sauti, na uwanja mzima ukapiga makofi.

Gérant aliagiza visikizi vile kwa timu zote. Alimruhusu mzee kuingia kwa sharti kwamba nisimame karibu na mwamuzi, na kila filimbi niitangaze redioni. Nadine alimwongoza kutoka ukuta hadi ukuta: "Papa, inama. Papa, kushoto." Alipotoka alikuwa na rangi ya bluu kuanzia kifuani hadi magotini, akicheka kama mtu aliyeshinda.

Sasa nimestaafu. Kazi ya uwanjani anaifanya fundi mwingine, na vijana wanakuja kuniuliza ni redio gani iliyo bora. Ninawaambia waende nazo mahali zitakapotumika, wavae maski, wakimbie, watoke jasho, ndipo waamue. Hayo naweza kuwafundisha. Jinsi mfupa mkavu wa kichwa unavyoweza kumrudishia mtu sauti ya mtoto wake, nimeisomea na kuiona kwa macho yangu, na bado inanipita.

Nadine alimpeleka baba yake kwa daktari wa masikio Lubumbashi, na mzee akarudi na kifaa cha kumsaidia kusikia, cha kuvaa kwa mkanda kichwani, chenye kupitisha sauti kwenye mfupa vilevile. Mvua ya kwanza ya msimu ilipoanguka, mchana mmoja, nilimkuta Papa Ilunga amesimama barazani kwangu chini ya mabati. Alikuja kunisalimu. Nikamkaribisha ndani asilowe.

Akainua mkono kunizuia, macho yakiwa juu kwenye bati, akiisikiliza mvua.

"Ngoja kidogo, mama," akasema. "Inaanza kuongezeka."