Kompyuta ya Opereta Iliponyamaza

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya nne, Upper Hill, na mimi ndiye niliyeitwa fundi wa kompyuta. Cheo hicho nilikipata kwa sababu nilikuwa nimefanya kozi ya miezi sita mjini na hakuna mwingine aliyethubutu kuzigusa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kompyuta zilikuwa sita, zikifunikwa vitambaa kila jioni, na mimi nilitembea kati yake nikijiona daktari bingwa. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma bure.

Opereta wetu wa simu alikuwa haoni. Surua ilimchukua macho akiwa mtoto, akasomea kazi ya swichibodi, na kwa miaka kumi na minne kila aliyepiga simu pale alipokewa na sauti yake. Aliijua ofisi kwa hatua. Kutoka mezani pake hadi mlangoni, hatua tisa. Hadi kwa sekretari wa meneja, kumi na nane. Hadi kwenye birika la chai, thelathini na moja, na alikuwa akitutania kwamba hizo za chai ndizo hakuwahi kuzikosea. Alinizidi miaka kama ishirini. Mimi nilimwita mzee, yeye aliniita fundi, na sijui kama alinitania au aliniheshimu.

Halafu ukaletwa mtambo mpya wa simu, ule ambao mtu anapiga moja kwa moja hadi kwa anayemtaka. Swichibodi ikang'olewa. Opereta akabaki na meza tupu. Katibu mmoja aliyekuwa karibu kustaafu akamtetea, ikanunuliwa kadi ya sauti na programu ya kusoma maandishi, nikazitia kwenye kompyuta moja, ikaanza kuongea. Ilikuwa inasoma Kiingereza kwa pua, kama mtu mwenye mafua, lakini ilisoma. Kazi mpya ya opereta ikawa kuandika ujumbe wa simu na barua fupi. Meneja hakuamini. Alisema atakuja mwenyewe, Jumatatu fulani, akae karibu naye aone kama kweli anaweza. Akiweza, abaki. Asipoweza, unga umemwagika, na kule kwake Kabiria kulikuwa na mke na watoto wanne katika vyumba viwili vya kupanga.

Alijifunza haraka kuliko watu wenye macho yao mawili. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha kamwe: kila anapoketi, hata kama amekwenda chooni dakika mbili tu, kwanza anabonyeza vitufe viwili ili mashine imsomee kila kilichopo kwenye kioo cha kompyuta, kutoka juu hadi chini. "Lazima nijue nimekuta nini," alisema. "Wewe ukiingia kwa nyumba si unaangalia kwanza?"

Kitu kimoja tu kilinikera. Disketi zilikuwa bado zile pana, nyembamba, zinazopinda, na yeye hakuweza kuzitofautisha. Mara kwa mara aliniita: fundi, hii ni gani? Fundi, na hii? Siku moja nilikuwa na haraka zangu nikamjibu kwa ukali kidogo: "Mzee, si uziandike kwa njia yako, uwache kuniita kila saa." Akasema sawa. Sikuuliza njia yake ni ipi.

Wiki moja kabla ya ile Jumatatu ya meneja, nilipata toleo jipya la mfumo wa kompyuta. Ofisi ilitaka mashine zote zibadilishwe. Ningeweza kuiacha ya opereta hadi mtihani wake upite. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeiacha. Lakini nilikuwa nimemwahidi meneja kwamba zote zitakuwa tayari, na nilipenda kusema neno zote. Kwa hiyo Jumanne nikaifuta diski ya ndani yote, nikaweka mfumo mpya, mashine ikawaka ikiwa nyepesi na safi. Nilipomwita ajaribu, aliketi, akabonyeza vitufe vyake viwili, akangoja.

Kimya.

"Imenyamaza," akasema.

Nikamwambia asijali, ni programu ya kuendesha kadi ya sauti ndiyo imeondoka pamoja na mfumo wa zamani, inarudishwa kwa dakika tano. Nikaomba disketi yake. Alipapasa droo, akapitisha kidole juu ya disketi moja baada ya nyingine, akanipa ile yenyewe bila kukosea. Nikaitia. Mashine ikakoroma, ikakoroma tena, ikaandika kwamba haiwezi kuisoma. Nikaitoa, nikaipuliza, nikaitia tena. Ikakataa. Ndipo nilipoipeleka dirishani na kuiinua kwenye mwanga.

Ilikuwa imetobolewa. Alikuwa ameibana kwenye kile kibao chake cha breli, akachukua kisindano chake chenye kishikio cha mbao, akaandika jina la disketi kwa nukta, akikandamiza vizuri kama anavyoandika kwenye karatasi nzito. Nukta zilikuwa zimepangika vizuri, nyingine zimepenya hadi upande wa pili, na mwanga wa Upper Hill ulipita ndani yake. Nikazikagua nyingine. Zote zilikuwa hivyo hivyo. Za barua nilikuwa na nakala. Ya sauti sikuwa nayo, kwa sababu sikuwahi kujisumbua kuitengeneza.

"Umeandika nini hapa?" nikamuuliza.

"Sauti," akasema. "Si uliniambia niandike?"

Nilihisi hasira, na hata leo sijui nilimkasirikia nani. Nikamwambia tu kwamba disketi imeharibika na kwamba nitatafuta nyingine. Akaniuliza kama itapatikana kabla ya Jumatatu. Nikasema bila shaka. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Alhamisi nilishuka mjini hadi kwenye duka la Kalasinga mmoja aliyetuuzia ile kadi. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na nyuma ya kaunta yake kulikuwa na makasha hadi darini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Sasa wewe ulifuta kwanza, halafu ukatafuta disketi?" Nikatazama viatu vyangu. Akaingia ndani, akakaa karibu saa nzima, akarudi na nakala yake mwenyewe. Alinionya kwamba karatasi ya maelezo hakuwa nayo, na kwamba kadi ile haisemi kitu mpaka programu ipewe namba mbili zinazolingana nayo. Namba zenyewe hakuzikumbuka. "Utajaribu moja moja," akasema. "Ukikosea mashine itaganda. Unazima, unaanza tena. Pole."

Ijumaa nilijaribu peke yangu nikaambulia patupu. Jumamosi opereta akaja pia, ingawa hakuwa zamu. Aliketi kando yangu na koti lake la ofisi na tai, kana kwamba meneja ndiye aliyekuwa anamngoja. Mimi nilikuwa nabadilisha namba, mashine inaganda, nazima, nawasha, tunangoja, naandika namba nyingine. Baada ya kama mara kumi na mbili maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikamwambia tukubali tu, nitamweleza meneja asogeze siku.

"Huyo hatasogeza," akasema. "Anatafuta sababu."

Akaivuta spika karibu, akalaza sikio juu yake, kabisa kabisa, shavu limebonyea. "Endelea."

Niliendelea. Mashine ikaganda. "Hapo hakuna," akasema. Nyingine. "Hakuna." Ya tatu ikaganda vilevile, na mimi nilikuwa tayari nimenyoosha mkono nizime, akanishika kifundo cha mkono. "Ngoja. Hapo kuna kitu imepiga. Kidogo sana. Kama kucha kwa meza."

Mimi sikuwa nimesikia chochote. Nikairudia ile namba. "Hiyo hiyo," akasema. Basi namba ya kwanza tukawa tumeipata, ikabaki ya pili. Kabla hatujaendelea alisisitiza twende tukale Kenyatta Market. Tulikula nyama choma na ugali kwa mkono, yeye akinieleza kitindamimba wake anavyokataa kuamini kwamba baba yake ana kompyuta inayozungumza. Alikuwa amemwahidi kumleta aisikie. Nilicheka. Nilimpenda sana siku ile, na nisingependa kuficha hilo.

Saa tisa alasiri namba ya pili ikakubali. Mashine ilifungua kinywa chake chenye mafua na kuanza kusoma kioo chote, takataka zote zilizokuwapo, na opereta akakaa wima, akarekebisha tai, akaiacha isome hadi mwisho. Akanipa mkono. "Fundi," akasema, na safari hii nilijua hatanii.

Jumatatu meneja alikuja, akaketi, akamsomea jumbe tatu za haraka haraka. Opereta akaziandika, akazisikiliza, akasahihisha kosa moja, akachapa. Meneja akaangalia karatasi, akasema vizuri. Angeondoka na hayo, ila akageuka mlangoni akaniuliza mbona alisikia mashine hiyo ilikaa bubu wiki nzima. Alitaka maelezo kwa maandishi, kesho, kwa sekretari wake.

Jumanne kompyuta yangu ilikuwa inatumiwa na mtu wa hesabu. Opereta alikuwa amekwenda chai, hatua zake thelathini na moja. Nikaketi kwenye mashine yake, nikapunguza sauti ya spika hadi ikanyamaza ili isinipigie kelele, nikaandika kwa kile Kiingereza cha ofisi ambacho hakina mtu ndani yake. Niliandika kwamba mfumo mpya uliwekwa kama ilivyopangwa. Niliandika kwamba sauti ilikosekana kwa sababu disketi ya programu iliharibiwa na mtumiaji kwa kuitoboa. Niliandika kwamba fundi aliirekebisha hali hiyo mapema iwezekanavyo. Hakuna uongo hata mmoja pale. Yule aliyefuta kabla ya kutafuta, yule asiyetengeneza nakala, yule aliyesema andika kwa njia yako, sikumtaja. Niliogopa, basi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikitaka kile cheo.

Nikachapa, nikatia sahihi, nikaipeleka kwenye trei ya sekretari. Barua nikaiacha wazi kwenye kioo, kwa sababu nilikuwa nimezoea kwamba kioo ni cha wenye macho.

Niliporudi, opereta alikuwa ameshaketi. Alikuwa amefungua spika na kubonyeza vitufe vyake viwili. Mashine ilikuwa inasoma kutoka juu, tarehe, kwa nani, kuhusu nini, bila haraka. Nilisimama nyuma yake. Ilifika pale kwenye disketi, ikapasoma, ikapita. Ikasoma kazi nzuri ya fundi. Ikasoma jina langu mwisho.

"Fundi, uko hapo?" akauliza. Alijua nipo.

"Niko, mzee."

"Mtumiaji ni mimi?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole. "Inasoma vizuri sasa. Haijaruka hata neno." Kisha akaweka vidole kwenye vitufe, tayari kwa kazi, na bila kugeuka akasema, "Kwa sekretari ni hatua kumi na nane."

Nilielewa: barua bado ingeweza kurudishwa. Nikaenda mezani kwangu nikaketi. Kutoka kwenye kiti changu niliweza kuiona ile trei. Karatasi ilikaa ndani yake asubuhi nzima, ikakaa wakati wa chakula, na meneja hakuichukua hadi saa kumi.

Mwisho wa mwaka ilitoka orodha ya watu wa kupunguzwa. Opereta alikuwamo, na sababu aliyosomewa ilikuwa sentensi yangu, neno kwa neno. Yule mtoto wake hakuwahi kuletwa kuisikia mashine. Nimefanya kazi nyingine nyingi tangu wakati huo, na mara nyingi tu nimezipima kwa miguu zile hatua kumi na nane. Si mbali.