Shukrani za Mama Alipopata Macho

Mama aliletwa kwetu mjini, mtaa wa Ipagala, kutoka kijijini Mpwapwa macho yote mawili yakiwa na ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba wangeanza kumfanyia upasuaji jicho la kulia. Katika miezi miwili ya kusubiri zamu yake, yeye ndiye aliyeombea chakula, na hakuna aliyethubutu kumpokonya kazi hiyo.

Sala zake zilikuwa ndefu. Alimshukuru Mungu kwa uwele wa shambani, kwa mbuzi aliowaacha kijijini, kwa dereva wa basi aliyemfikisha salama, na kwa mkwe wake mpole, yaani mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa amefumba jicho moja na kulielekeza la pili kwenye bakuli la mboga ya mlenda. Zaidi ya yote alishukuru kwa ajili yangu.

"Umenipa binti msafi, Bwana. Nyumba yake inang'aa."

Hapo niliitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Jirani yetu, mama wa Kirangi kutoka Kondoa, alikuwa akija mara kwa mara kula nasi. Yeye alikuwa na bismillahi yake, fupi na ya kimoyomoyo. Akishaisema, alitulia kwa heshima akingoja sala ya Mama ipite, kama tunavyongoja treni ya mizigo ipite ndipo tuvuke reli. Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Mama, kwani Mungu anasahau mpaka umtajie kimoja kimoja?"

"Yeye hasahau, mwanangu," Mama akasema. "Anayesahau ni mimi."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku aliyofunguliwa bandeji tulirudi nyumbani mchana, na jirani akaja na maziwa mgando ya kumpongeza. Mama alikaa mkekani, akaangaza huku na huku bila haraka, kisha akainamisha kichwa.

"Bwana, asante kwa jicho hili. Asante kwa kunionyesha utando wa buibui ulio juu ya kabati, ambao kwa jinsi ulivyo, buibui wamekaa humo tangu enzi za babu yao. Asante kwa vumbi la dirishani, maana nalo uliliumba wewe. Asante kwa mkwe wangu. Sikujua kuwa tumbo lake limebarikiwa kiasi hiki."

Jirani alijifunika mdomo kwa kanga, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

"Na huyu binti yangu..."

Nilipofumbua macho nilimkuta ananitazama.

"Mwanangu, una mvi."

"Ndiyo, Mama. Siku nyingi."

"Mbona hukuniambia?"

Nani humpelekea mama yake taarifa ya mvi? Alinyoosha mkono, akanigusa karibu na sikio, penye nyeupe nyingi zaidi. Nikaelewa kwamba kwa miaka yote ile ya ukungu nilikuwa nimebaki msichana machoni pake, yule aliyemwona vizuri mara ya mwisho.

Akafumba macho tena. "Bwana, nilikuwa nakushukuru kwa msichana. Kumbe ni mtu mzima, amechoka, na bado ananibeba mimi. Nisamehe, nilikuwa nashukuru bila kuona. Amina."

Siku ile nilikula ugali huku nikijifuta macho kwa kanga. Nilisingizia pilipili.

Kesho yake nilipanda juu ya kiti nikafagia buibui na ukoo wao wote. Jumamosi nilikwenda saluni moja kule mtaa wa Kikuyu, nikapakwa rangi nyeusi. Sikujipamba kwa ajili ya watu. Nilitaka tu Mama asinihurumie kila tunapokaa kula.

Jumapili baada ya kanisa tukakusanyika tena mkekani. Mama alinitazama kwa muda mrefu, kwa lile jicho lake jipya lisilo na adabu.

"Bwana," akaanza, "jana mwanangu alitoka hapa mtu mzima, akarudi kijana. Kama ni mkono wako, nakushukuru. Kama ni dawa ya saluni, nakuomba isimwashe kichwani."

Nami nilikuwa najikuna tangu asubuhi.

Mume wangu alishindwa kujizuia, akaitikia amina kabla ya wakati. Mama akamgeukia, akamtazama hadi akainamisha kichwa, kisha akaanza sala upya, kwenye uwele.