Kuku na Maharage ya Maman wa Bukavu

Binti yangu alikuwa na miaka sita alipokataa chakula changu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimempeleka Bukavu, likizo ya wiki mbili, kwa mwanamke aliyekuwa jirani yetu kabla sisi hatujarudi Rwanda. Vita vikazuka upande ule, mpaka ukafungwa, na wiki mbili zikawa miezi minne.

Nilijiandaa kumpokea mtoto aliyekonda. Nilinunua maziwa, nikaazima blanketi. Alipovuka mpaka pale Rusizi ya Kwanza, kashikwa mkono na jirani yule, mashavu yake yalikuwa yamejaa kuliko nilivyomwacha. Nililia, na watu walidhani ni furaha tupu.

Siku ya tatu alisukuma sahani yake.

"Maharagi haina kuku," akasema. "Maman wa Bukavu anachanganya na kuku. Na pilipili kidogo. Mafuta haweki mingi."

"Mimi ndiye mama yako."

"Najua. Lakini yeye anajua kupika."

Kesho yake nilinunua kuku sokoni Kamembe. Nikamkaanga kwa mawese mengi, nikamwaga maharage juu yake, nikatwanga pilipili tatu na kuzitia zote. Mtoto alikula vijiko viwili, akanywa maji, akatokwa na machozi kimyakimya. Hakulalamika, na hilo liliniuma zaidi.

Mwezi mmoja baadaye, mama mmoja mbeba mizigo wa mpakani aliniletea kisufuria kilichofungwa kwenye kitenge. "Kimetoka ng'ambo. Ni cha mtoto," akasema. Mtoto alikuwa shuleni. Nilikifungua jikoni nikala nimesimama, nikitafuta kasoro. Chumvi kidogo mno? Hapana. Kuku mgumu? Hapana. Nilitafuta mpaka sufuria ikawa tupu. Nikaiosha, nikairudisha kwa mbeba mizigo yuleyule na salamu: "Mwambie kwamba mtoto amefurahi sana."

Sikumwambia mtu. Ila mwenye sufuria alikuja mwenyewe kututembelea, na kabla hajakaa akamuuliza binti yangu, "Ulipenda chakula nilichokutumia?"

"Chakula gani?"

Nilitamani sakafu inimeze. Mwanamke yule alinitazama mara moja tu, kisha akamshika mtoto kichwa. "Umesahau. Batoto wanasahau haraka."

Kwa hiyo hata kwa wema alinishinda. Nadhani ni hasira iliyonifanya niseme, "Basi nifundishe."

Akakunja mikono ya blauzi. Maharage niliyokuwa nimeyaloweka tangu jana aliyamwagia maji mapya, akayaweka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na kitunguu kizima. Kuku alimvua ngozi na kumkata vipande vidogo. Akatia nyanya, karoti, majani ya seleri, na kijiko kimoja cha mafuta. Pilipili aliiweka nzima juu ya mchuzi, bila kuipasua, akaitoa kabla ya kupakua.

"Kijiko kimoja tu?" nikamuuliza.

"Mafuta hayakuwepo wakati ule. Na tumbo la mtoto lilikuwa halishiki kitu. Wiki mbili za kwanza alikuwa anatapika kila kitu, ndugu yangu. Nikajaribu mchuzi wa kuku na maharagi laini, ukakaa."

"Kuku ulimtoa wapi, na soko limefungwa?"

Akakoroga kwanza. "Zile zangu za mayai."

Niliwajua. Alikuwa na kuku saba wa mayai, na mayai hayo ndiyo yaliyomlisha tangu mumewe afe. Nikauliza wamebaki wangapi. Akasema banda amelivunja, mbao zilifaa kuni.

Nilipomtembelea baadaye, nilimpelekea matetea wawili kwenye kikapu. Alishukuru kama mtu asiyedai lolote.

Ningependa kusema wivu uliniisha siku hiyo. Haukuisha. Binti yangu sasa ameolewa Rwimbogo, ana watoto watatu, na Jumapili huwapikia chakula kilekile, bila ngozi, kijiko kimoja cha mafuta. Wajukuu wakiuliza ni cha nani, anajibu, "Cha Maman yangu wa Bukavu." Mimi nimekaa palepale mezani. Naomba waniongeze, nakula.